Kilometa ya Tisini na Tatu

Ukifika Kisangani, mtaa wa Mangobo, ulizia Papa Bavon wa breki. Hata mtoto atakuonyesha. Utamkuta mbele ya mlango wake ameketi juu ya gunia lililokunjwa, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, ananyoosha spoku moja moja. Zile baiskeli za toleka zinazobeba abiria mjini, karibu zote zimepita mikononi mwake. Atakusalimia vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, basi. Usingoje hadithi. Zamani mtu huyu alikuwa na mdomo, wee! Ulikuwa hupati nafasi hata ya kukohoa.

Miaka thelathini na moja alikuwa mtu wa breki kwenye treni, yule anayekaa behewa la mwisho na kufunga magurudumu kwa nguvu za mikono dereva akipiga filimbi. Reli yenyewe inaanza ng'ambo ya mto, Lubunga, na inaishia Ubundu. Kilometa mia moja na ishirini na tano. Wazungu waliilaza pale kwa sababu mto una maporomoko saba na meli haziwezi kuyapanda. Waliilaza kwa mikono ya babu zetu, na waliokufa hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. Ukifika Ubundu unapanda boti mpaka Kindu, na pale Kindu unakuta reli ya pili, inayokwenda Kongolo. Reli mbili, na mto katikati. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Watu wa reli walikuwa na mchezo wao. Treni ikikwama porini, na ilikuwa inakwama sana, tusidanganyane, wafanyakazi walikaa kando ya njia wakingoja msaada, na mmoja akasema, "Niko na gare," yaani kituo cha treni. Wengine wakaitikia, "Toa alama." Alama ni nne, hazizidi, hazipungui, na zote ni habari za reli ya mahali hapo: mto ulifanya nini, nani alilaza vyuma, injini gani ilianguka, daraja lilichukuliwa na mvua ya mwaka gani. Wewe unasikiliza, halafu unataja mji. Sheria ilikuwa moja tu. Ungoje alama ya nne. Ukijibu kabla na ukakosea, watasema umevuka bendera, kama dereva aliyeona bendera nyekundu akapita tu, na adhabu yako ni kubeba mzigo wa mwulizaji toka gare mpaka mlangoni kwake. Uwe mkubwa wa kazi, uwe mpishi, utabeba kichwani watu wote wakikuona.

Bavon hakubeba mzigo wa mtu hata siku moja. Alama ya pili ikitoka, yeye ameshataja mji, na alikuwa anapatia. Kichwa kikavimba. Walimwita Chef wa Alama, yaani mkuu wa alama, naye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na padri.

Alikuwa na mdogo wake, Thierry, mtu wa breki pia. Wote wawili walizaliwa kilometa ya tisini na tatu, kwenye kambi ndogo ya wapiga misumari ya reli ambako baba yao alifanya kazi. Pale hapakuwa na jina. Watu wa reli huita vituo vidogo kwa namba ya kilometa, wakihesabu toka Lubunga. Thierry alikuwa na kidole kimoja kifupi, cha pete, mkono wa kushoto. Ndoano ya kuunganisha mabehewa ilikula nusu yake. Alioa Ursule, msichana wa Lubunga asiyecheka ovyo, na ndugu hao wakajenga katika uwanja mmoja.

Agosti ya mwaka tisini na nane, zamu ya kwenda Ubundu ilikuwa ya Bavon. Asubuhi akamwambia Thierry, "Mdogo wangu, niko na homa, niendee." Homa gani? Hakuwa na homa yoyote. Alikuwa na bati mpya kumi na nane zimeegemea ukuta, mvua inakaribia, na alitaka kumaliza paa. Thierry akavaa kofia, akaenda. Wiki hiyo hiyo vita vikaingia mjini. Treni haikurudi, na watu wake hawakurudi. Mmoja alisema wametekwa, mwingine alisema wamevushwa mto, mwingine alisema maneno ambayo afadhali nisiyarudie.

Ursule akangoja. Wazee wa ukoo walimjia mwaka wa kwanza, wa tatu, wa kumi, wakimsihi afanye matanga, alie, avue pete, aendelee na maisha. Jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Nionyesheni maiti." Miaka ikapita ishirini na saba. Alipika kwanga, ile mikate ya muhogo, akauza sokoni, alizeeka, hakuolewa tena. Na kila jioni Bavon alipokwenda kumsalimia semeki yake, yaani shemeji, alikuwa anasikia zile bati juu ya kichwa chake kama deni, ingawa mama wa watu hakumwambia neno.

Halafu hata hizo bati zikaenda. Mwaka elfu mbili na ishirini na tatu watu wa Lubunga walipochinjana kwa ajili ya mashamba, nyumba ile ilichomwa. Bavon, aliyekwisha kufiwa na mkewe, na Ursule wakavuka mto kwa mtumbwi na sufuria mbili na begi moja. Wakapanga vyumba viwili Mangobo, mlango kwa mlango. Kwa hiyo mdogo wake alipotea kwa ajili ya paa, na paa lenyewe halipo. Bavon alikuwa analiwaza hilo akinyoosha spoku.

Sasa sikia. Siku moja ya mwezi wa tatu, Ursule alikuja na simu yake mkononi, anapumua haraka. Kwenye kundi la wazee wa reli palikuwa na sauti imetumwa. Ni Kadidja, muuguzi wa kituo kidogo cha afya kando ya Lualaba, mto wetu huo huo kwa juu, kati ya Kindu na Ubundu. Watu wa boti ndio walimwingiza kwenye kundi.

"Bonjour ba papa ba reli," ilisema sauti. "Hapa niko na muzee mumoja, boti ilimuacha. Damu ilipanda mu kichwa. Anasikia yote, anaongea, lakini majina yote yamekwisha, hata jina yake. Anasema tu mambo ya reli. Ba papa, munisaidie kujua kwao ni wapi. Kesho kutwa boti mbili zinapita: moja inapanda Kindu, moja inashuka Ubundu. Muniambie nimuweke mu ile gani. Hapa dawa imekwisha, na hana siku nyingi."

Ikafuata picha: uso mkavu, ndevu nyeupe, blanketi mpaka kidevuni. Baada ya miaka ishirini na saba, nani atamjua nani? Ikafuata sauti ya pili, ya mzee mwenyewe, nzito, inayojikokota.

"Niko na gare," alisema. Akangoja kuitikiwa. "Niko na gare."

Muuguzi hakujua kuitikia, maskini. Bavon, spana mkononi, aliijibu simu kwa sauti kubwa, "Toa alama!"

"Mto unakataa," alisema mzee. "Boti inachoka, inatupa mizigo, treni inabeba." Hiyo ya kwanza. "Injini ya kwanza ilikuja na boti, vipande vipande, wakaishona pale pale ku mangenge." Ya pili, mangenge ndiyo kingo ya mto. "Kwetu hapana jina. Kwetu ni namba. Kilometa makumi tisa na tatu. Baba alikuwa anapiga misumari."

Bavon alisimama, baiskeli ikaanguka.

"Ni yeye! Ursule, njo yeye, ndiye! Tisini na tatu, ni kwetu! Ni Thierry!"

Sauti ilikuwa bado inaendelea. Ursule alimshika mkono anyamaze.

"Nilikuwa mutoto," alisema mzee. "Walikuja wengi, wakasukuma reli moja pembeni. Reli ingine ikabakia pale pale. Vidole vine. Vidole vine tu."

"Vidole vinne ni nini, semeki?" Ursule aliuliza.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Papa Bavon, ingawa nampenda. Kwa sababu alijua. Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja juu ya reli anajua upana wake. Reli ya Ubundu ni mita moja toka chuma hadi chuma, ilikuwa hivyo tangu babu zetu na iko hivyo mpaka leo. Haikupanuliwa. Iliyopanuliwa ni ile ya Kindu, wakati wa Wabelgiji, mwaka hamsini na tano, iendane na reli za Katanga. Walisogeza chuma kimoja upana wa vidole vinne. Na Kindu nao wana kilometa ya tisini na tatu, inayohesabiwa toka Kindu. Halafu mwaka hamsini na tano Thierry alikuwa hajazaliwa. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa Chef wa Alama, na kichwa kile kile kikayafungia mlango.

"Kichwa kimechanganyika," alimjibu. "Alisema mwenyewe muuguzi. Majina yamekwisha, si ajabu na hesabu zinapotea."

Ursule alikaa chini. Alitaka kuamini. Lakini alikuwa mwanamke wa kupima mambo.

"Uliza kidole," alisema. "Muuguzi atazame mukono wa kushoto. Kidole tu, semeki, halafu nitalia au nitacheka."

Chaji ilikuwa inakwisha. Bavon akaichukua simu aende kuchaji kule barabarani na ajibu kutoka huko. Alisimama mbele ya kibanda cha kuchaji, akabonyeza, akasema kwa sauti ya kushangilia, "Ni mdogo wangu Thierry, wa kilometa tisini na tatu, reli ya Ubundu. Muweke mu boti ya kushuka, nitamupokea mwenyewe." Kidole hakukiuliza. Kidole gumba chake kilikuwa tayari juu ya kioo, maneno yalikuwa mdomoni, akayameza. Aliogopa jibu. Kundi zima likalipuka kwa pongezi na alleluya, na nani angethubutu kumsahihisha Chef wa Alama siku ya furaha yake? Wazee wa upande wa Kindu walikuwa wachache, na kwao mtandao ni wa kubahatisha.

"Umeuliza?" Ursule alimngoja mlangoni.

"Nimeuliza. Hajajibu. Mtandao."

Mwongo mkubwa.

Akavuka mto, akapanda pikipiki ya kijana mmoja wa Lubunga, siku mbili za matope mpaka Ubundu. Njia inafuata reli. Treni ilikuwa haijapita miezi mingi. Majani yamefunika vyuma, miti midogo imeota katikati. Bavon alizitambua kilometa zote, ya ishirini na tano, ya arobaini na moja, ya themanini na mbili, na nyingine zina makaburi ya wakimbizi ambayo mji mzima unayajua na hauyazungumzi. Ya tisini na tatu alimwomba kijana asimame. Palikuwa na msitu. Nguzo moja ya chuma, basi. Alikojoa kando ya nguzo, akapanda tena.

Boti ilifika siku ya pili mchana. Nahodha, mtu mmoja Hamadi, aliwaamuru mabaharia wamteremshe mzee na mkeka wake. Bavon aliingia majini mpaka magotini kumpokea. Akashika mkono wa kushoto.

Vidole vilikuwa vitano, vizima. Kucha tano.

Akatazama wa kulia, eti labda amesahau upande. Vitano. Alivihesabu tena kwa kuvigusa kimoja kimoja, na mzee akamwachia mkono kama mtoto anayekatwa kucha, huku akimtazama usoni kwa macho safi kabisa, macho ya mtu anayeelewa kwamba anapimwa.

"Papa, njo yeye?" Hamadi aliuliza. "Kama hapana yeye, useme sasa. Kesho asubuhi ninapanda Kindu. Kule watu wa reli ni wengi, watamujua. Nitamubeba bure, muzee wa watu."

Boti ilikuwa pale, imefungwa kwa kamba. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Bavon alifikiria mlango wa Mangobo, Ursule aliyekopa kitanda kwa jirani, majirani waliokuja na kuni, kundi la wazee na alleluya zao. Akafikiria kumrudia Ursule mikono mitupu, kama kumpotezea mume mara ya pili. Mara ya kwanza alimpotezea kwa homa ya uongo. Alishindwa, basi. Wengine watasema shetani alimwingia. Mimi nasema aibu yatosha.

"Njo yeye," alisema.

Siku tatu walichukua kurudi. Mzee alifungwa kwa kitenge mgongoni mwa Bavon, na dereva mbele, na kila shimo alikuwa anaguna taratibu bila kulalamika. Walipolala njiani alisema, "Niko na gare," na Bavon hakuitikia. Hakuitikia hata mara moja njia nzima. Unaweza kumsamehe mtu mengi, lakini lile la kutomwitikia mzee wa watu, aka!

Mangobo uwanja ulikuwa umefagiliwa. Wanawake walianza vigelegele walipoiona pikipiki. Ursule alikuwa amevaa kitenge cha harusi, kimepauka, kimepigwa pasi. Alisogea, akamtazama mzee usoni, hakugusa hata mkono wake. Mke hahitaji vidole.

"Huyu hapana Thierry," alisema.

Vigelegele vikafa.

"Mumuingize ndani," Ursule aliwaambia wanawake. "Mutu iko mugonjwa. Mulete maji ya moto."

Akamwosha mwenyewe. Akamlisha uji kwa kijiko. Watu walipoondoka, alitoka akasimama mbele ya Bavon, aliyeketi juu ya gunia lake amejiinamia.

"Hukuuliza kidole."

"Sikuuliza."

"Na Ubundu ulijua."

"Nilijua. Ursule, nilitaka kukurudishia mume wako. Mimi ndiye... ile siku, ile homa..."

"Nilisikia nyundo," Ursule alisema.

Bavon akainua kichwa.

"Nilikuwa nafua ku mto. Mutu wa homa anapanda juu ya nyumba anapiga misumari? Nilisikia nyundo mpaka jioni. Miaka ishirini na saba nangoja uniambie, semeki. Ungeniambia tu, ningekulilia mbele yako, tungemaliza. Wewe unaniletea mutu wa wengine."

Hakupaza sauti. Aliingia ndani, akafunga mlango polepole, kwa sababu mgonjwa alikuwa amelala.

Siku zilizofuata Bavon hakushika spoku. Ursule ndiye aliyekaa na mzee. Siku ya tano, mzee akasema tena, "Niko na gare," na Ursule, ambaye hakuwahi kucheza mchezo huo maishani, akamwitikia, "Toa alama, papa." Mzee akamgeukia. Machozi yalimtoka kwa kuitikiwa tu. Akatoa alama zake nne, pole pole, kwa mpangilio ule ule, na Ursule akasubiri ya nne, halafu akasubiri tena kuhakikisha hakuna ya tano. Akatoka nje.

"Bavon." Hakumwita semeki. "Reli gani ilisukumwa vidole vine?"

Akamweleza. Kindu, mwaka hamsini na tano, kilometa zinazohesabiwa toka Kindu, kila kitu, macho chini.

"Kwa hiyo kwao ni ya tisini na tatu ya upande ule."

"Ndiyo."

"Ulijua na hiyo."

"Ndiyo."

Ursule akamtumia Kadidja habari hiyo kwa sauti, na Kadidja akawapa watu wa boti, na wao wakawapa watu wa pikipiki za Kindu. Jibu lilichukua siku moja. Chef wa Alama, siku moja tu! Simu ililia jioni ya siku ya sita. Mwanamke upande wa pili alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Mimi ni Hélène! Ni papa yangu! Papa Célestin! Tulimupeleka Kindu ku hospitali, akatoka inje, akapotea, miezi miwili tunatafuta! Munipe nimusikie!"

Wakamwekea simu sikioni. Sijui binti alisema nini. Mzee alisikiliza, uso ukalegea, na midomo ikatafuta jina la mwanawe, ikatafuta, ikatafuta, haikulipata. Akasema neno alilokuwa nalo.

"Niko na gare."

"Ndiyo, papa," sauti ya Hélène ilisikika mpaka kwa Bavon mlangoni. "Ninaijua. Ninakuja kukubeba. Ungoje kidogo."

Hakungoja. Siku ya saba, jua likiwa utosini, Célestin alikata roho mikononi mwa Ursule, akitazama ukuta. Joto la Kisangani halimngoji mtu wala mochari haikuwa na umeme wiki ile. Wakamzika siku ya pili, majirani ambao hawakumjua wakiimba kwa ajili yake. Ursule alilia. Alilia matanga mazima, na wanawake wa Mangobo hawakuelewa mtu anawezaje kumlilia mgeni hivyo. Jioni alivua pete yake ya ndoa, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Bavon aliona, akaelewa ni nani mwingine anayezikwa pale.

Hélène alifika baada ya siku kumi na mbili, matope mpaka kiunoni, mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba. Alikuwa na furushi kubwa limefungwa kwa kamba: shuka mpya, suti ya baba yake, kofia yake ya reli, na mkeka, maana alipotoka kwao alikuwa anakuja kumchukua mtu hai. Habari ya kifo ilimkuta Ubundu. Hakurudi. Alitaka kuona mahali.

Wakampeleka makaburini. Alisimama, akaupigia goti msalaba wa mbao, akaukamata. Alipoinuka aliuliza swali ambalo wote tulijua litakuja.

"Nani alisema ni wa Ubundu?"

"Mimi," Bavon alisema. Na kwa mara ya kwanza hakuficha kitu: alama ya tatu aliyoirukia, kidole ambacho hakukiuliza, vidole vitano Ubundu, boti ya Hamadi iliyokuwa imefungwa pale, neno alilolitamka. Hata paa alilitaja, ingawa hakuna aliyemwuliza habari za paa. Ursule alikuwa amesimama kando. Hélène alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Toka Ubundu mpaka Kindu," alisema, "boti inapanda siku ngapi?"

Bavon alijua anakopelekwa. Aliangalia mikono yake.

"Siku ine."

"Na toka Kindu mpaka kwetu?"

"Siku moja ya pikipiki."

"Ni tano, basi."

"Tano."

"Na hapa kwenu aliishi siku ngapi?"

Palikuwa na watu tisa pale, na hakuna aliyemsaidia. Hélène hakuwa na haraka. Alingoja kama wanavyongoja wao wa reli, akimtazama.

"Saba," Bavon alisema.

Hélène akatikisa kichwa mara moja. Hakulaani, hakulia. Alisema atalala kwa mama mmoja wa Lubunga aliyemwonyesha njia, na kesho asubuhi ataanza safari. Akainama kulichukua furushi lake, lile la shuka na suti na kofia.

Bavon aliwahi. Alipiga goti, akalitia furushi kichwani pake, akainuka kwa shida, miaka sabini, na shingo ikakazana. Vijana wawili walitaka kumpokea. Ursule akawazuia kwa mkono. Hélène alimtazama, binti wa mtu wa reli, aliyekulia kilometa ya tisini na tatu, na mchezo aliufahamu. Hakumkataza. Akatangulia mbele, na Bavon akamfuata na mzigo mpaka kivukoni, watu wa Mangobo wakiwa wamesimama milangoni, wanamwona.